Kitufe cha "Puuza" Kifutwe Kabisa

Leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hivyo wasomaji wangu mnivumilie. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mnakijua kile kijidirisha kinachojitokeza katikati ya kusasisha programu? Ule mstari wa kijani unakuwa umefika asilimia sitini na kitu, halafu unaganda. Kijidirisha kinasema kompyuta imeshindwa kuandika faili, kisha kinakupa vitufe vitatu: Jaribu Tena, Puuza, Acha. Kwenye Windows wengi wenu mmekutana nacho kikiwa na namba 1304 au 1310. Mtu hubonyeza Jaribu Tena mara tatu, kama anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu, halafu anabonyeza Puuza na maisha yanaendelea.

Mimi nasema kitufe cha Puuza hakifai kuwepo. Programu ya kusasisha inayoweza kukwama njiani ikaacha nusu ya toleo la zamani na nusu ya toleo jipya ni programu mbovu, na mwenye kosa ni sisi tulioiandika, si karani aliyebonyeza. Zamani sikuamini hivyo. Nilibadilishwa na safari moja ya Olenguruone.

Kwa wasiopajua, Olenguruone iko Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, huko juu kando ya msitu wa Mau. Ukitoka Nakuru mjini unapita Njoro, Molo na Keringet, na kila ukipanda unatafuta sweta. Watu wa huko ni wa majani chai, viazi na maziwa. Kampuni ninayofanyia kazi iliandikia chama kimoja cha ushirika cha huko programu ya kuhesabu maziwa (jina la chama nalihifadhi, hawakunituma niwaanike hapa). Mkulima analeta maziwa, yanapimwa, kilo zinaingizwa. Mwisho wa mwezi programu inazidisha kilo kwa bei, inatoa makato, inachapisha karatasi ya malipo. Makato makubwa ni deni la duka la chama: chakula cha ng'ombe, chumvi, dawa ya kupe.

Seva yao ni kompyuta ya kawaida tu iliyo chini ya meza. Programu inakaa kwenye folda moja ndani ya seva hiyo, na kompyuta nyingine mbili, ya mapokezi na ya duka, zinaifungua kutoka humo kupitia mtandao wa ofisi. Tulipanga hivyo ili tusiwe tunasakinisha mara tatu kila toleo likitoka. Tulijiona wajanja sana.

Basi siku mbili kabla ya kufunga hesabu za mwezi tukawatumia toleo jipya. Karani ndiye aliyekuwa akiliweka, mimi niko Nakuru kwenye simu. Ilikuwa saa 11 jioni hivi, mvua inanyesha, stima imeshapotea mara moja ikarudi.

"Imekataa," akaniambia. "Inasema imeshindwa kuandika."

"Jaribu tena, mama."

"Nimejaribu mara tatu, kijana wangu."

"Ni faili gani?"

"Haijasema. Inasema tu imeshindwa."

Nikawaza, labda ni picha ya nembo, labda ni faili ya maelezo ambayo hakuna mtu huisoma. Nilikuwa na kazi nyingine mbele yangu. Nikamwambia, "Bonyeza Puuza, itaendelea." Akabonyeza, ikaendelea. Mwishoni ikaandika kwa herufi za kijani kwamba usasishaji umekamilika. Akanishukuru! Nikakata simu.

Siku tatu baadaye nilipigiwa na mzee mweka hazina. Huyu mzee kwa kawaida hapigi simu, huagiza. "Kijana," akasema, "kompyuta yako imeanza kuiba."

Karatasi za malipo zilikuwa zimechapishwa, na za ruti moja zilikuwa zimeshagawiwa. Mama mmoja alirudi ofisini na karatasi yake mkono mmoja na daftari la shule mkono wa pili. Kwenye daftari alikuwa ameandika kilo za kila asubuhi, na magunia mawili ya chakula aliyochukua kwa deni. Karatasi ilimkata pesa za magunia manne. Walipoangalia wengine wakakuta ni vivyo hivyo kwa kila mtu mwenye deni la duka. Wasiokuwa na deni walikuwa sawa kabisa, na ndiyo maana mtu hakushtuka mapema. Bahati ni kwamba pesa zilikuwa hazijatumwa benki.

Kesho yake alfajiri nilipanda matatu.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya haya. Kompyuta ikishindwa kuandika faili, sababu kwa kawaida si nyingi. Diski imejaa, au huna ruhusa ya kuandika mahali hapo, au programu nyingine imeishika faili hiyo, au diski yenyewe inakufa. Na mfumo wa kompyuta huwa unajua ni ipi! Windows humrudishia mwandishi wa programu namba: 5 ni kunyimwa ruhusa, 32 ni faili kushikiliwa na mwingine, 112 ni diski kujaa. Linux nayo ina zake. Nilipofungua msimbo wa programu yetu ya kusasisha nikakuta tunapokea ile namba, tunaitupa, kisha tunamwandikia karani "imeshindwa". Yaani Windows ilitwambia ugonjwa, sisi tukamwambia mgonjwa kwamba anaumwa.

Pale ofisini nilianza na diski. Nafasi tele. Ruhusa? Karani aliingia kama msimamizi, hakuna shida. Nikashuku antivirusi, kwa sababu antivirusi nyingi huikamata faili mara tu inapoandikwa ili ziichunguze, na katika zile sekunde chache ukitaka kuigusa unakataliwa. Hiyo huisha yenyewe ukingoja kidogo, na ndiyo kazi pekee ya halali ya kujaribu tena. Lakini haikuwa hiyo, kwa sababu siku tatu zilikuwa zimepita na faili bado ilikuwa inakataa.

Nikafungua Process Explorer, ile zana ya Mark Russinovich ambayo Microsoft ilinunua pamoja na kampuni yake ya Winternals mwaka 2006. Kila anayetunza kompyuta za Windows awe nayo. Unaandika jina la faili, inakuonyesha ni programu gani imeishika. Ikaniambia aliyeishika ni "System", Windows yenyewe. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na mimi nilikata tamaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kumbe faili ikifunguliwa na kompyuta nyingine kupitia folda ya pamoja, kwenye seva inaonekana kama imeshikwa na mfumo wenyewe, kwa sababu mfumo ndio unaomshikia mgeni. Ukitaka kumjua mgeni, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike net file. Inakuorodheshea kila faili iliyofunguliwa kutoka nje na jina la mtumiaji aliyeifungua. Nikaandika. Jina likatoka: kompyuta ya duka.

Mhudumu wa duka huwa hazimi kompyuta. Anafunga mlango tu, anaenda nyumbani, na programu ya duka inabaki wazi usiku kucha. Kwa nini asizime? Kuiwasha kunachukua dakika kumi na wateja wako foleni. Hata mimi singezima. Programu ya duka haikubadilika katika toleo lile, kwa hivyo haikuguswa. Lakini nayo hutumia faili moja inayotumiwa na programu zote, ile ya kukokotoa makato. Hiyo ndiyo iliyoshikwa, na ndiyo niliyosema ipuuzwe.

Katika toleo la zamani, faili ya makato ndiyo iliyotoa deni la duka. Katika toleo jipya tulihamisha kazi hiyo kwenye programu kuu, na faili mpya ya makato haikutakiwa kuligusa deni tena. Sasa weka programu kuu mpya juu ya faili ya makato ya zamani. Ya kwanza inatoa deni, ya pili inatoa tena. Kila moja ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Tulizijaribu sana, ya zamani na ya zamani, mpya na mpya. Mchanganyiko ule hatukuujaribu kamwe, kwa sababu hatukuwahi kuuandika. Ulizaliwa Olenguruone siku ile ya mvua.

Msidhani ni mambo ya ofisi ndogo za mashambani tu. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya kuuza na kununua hisa ya Knight Capital huko Marekani iliweka programu mpya kwenye seva zake 8. Fundi akaiweka kwenye 7, ya nane ikaachwa, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuhakikisha. Kwenye ile ya nane kulikuwa na msimbo wa zamani ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003, na alama iliyokuwa ikiuamsha ndiyo hiyo hiyo waliyoipa kazi nyingine katika toleo jipya. Soko lilipofunguliwa, msimbo wa zamani ukaamka ukaanza kutuma maagizo ya hisa bila kukoma. Kwa dakika 45 hivi. Hasara ilizidi dola milioni 460, na kampuni ikaishia mikononi mwa wengine. Kwao haikuwa faili iliyokataa kuandikwa, ilikuwa seva iliyosahaulika, lakini kilichoua ni kile kile: jipya na la zamani kukutana kwenye kazi moja bila kujuana.

Turudi kwenye vile vitufe. Mtu anaweza kusema, sawa, Puuza kiondoke, lakini Jaribu Tena kina ubaya gani? Kina ubaya wake pia. Programu inapoandika, data huwa haiendi diskini moja kwa moja. Hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na programu makini huuomba mfumo uhakikishe imefika diskini. Mwaka 2018 waandishi wa PostgreSQL, databesi inayoheshimika kuliko nyingi, waligundua jambo la kutisha: kwenye Linux ombi hilo likishindwa mara moja, ukiuliza tena unaweza kujibiwa kwamba mambo ni sawa, kumbe ile data imeshatupwa. PostgreSQL ilikuwa ikijaribu tena kwa miaka na kuliamini jibu la pili. Tangu matoleo ya Februari 2019, ikishindwa mara moja inajizima, inaanza upya na kujijenga kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko. Yaani watu waliobobea kuliko sisi sote waliona ni heri kusimama kuliko kujaribu tena na kutumaini.

Mwenzangu mmoja ofisini alinipinga. "Kwenye barua pepe tuliwaambia wafunge programu zote kwanza," akasema. "Hawakusoma." Ni kweli tuliandika, mstari wa tisa. Lakini nani aliyesomewa? Barua ilienda kwa karani. Kompyuta iliyoshika faili ilikuwa kwenye jengo lingine, imefungiwa kwa kufuli, mwenye ufunguo yuko nyumbani anakamua. Ukiandika programu ambayo usalama wake unategemea mtu asiyekuwepo kukumbuka jambo ambalo hakuambiwa, usimlaumu mtu huyo.

Hoja yake ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Alisema kuna faili zisizo na maana, na si haki kuzuia toleo zima kwa sababu ya picha ya nembo. Nakubali. Lakini anayejua ni faili gani haina maana ni sisi, tukiwa ofisini mchana, tumetulia. Tuiandike mapema kwenye orodha: hii ikishindikana endelea, hii ikishindikana rudi ulikotoka. Kumwachia karani uamuzi huo saa 11 jioni, bila hata kumtajia jina la faili, ni kumbebesha mzigo wetu. Na kuniachia mimi kwenye simu ni vivyo hivyo, kama mlivyoona.

Watu wa Linux najua mnacheka. Kwenu faili ya programu inayotumika inaweza kufutwa na mpya kuwekwa mahali pake, na anayeitumia anaendelea na ile ya zamani hadi atakapoifunga. Ni vizuri kweli, na msongamano wa faili zilizoshikwa unapungua sana. Lakini diski ikijaa katikati, au stima ikipotea katikati, nanyi mnabaki na nusu kwa nusu. Tena kwenu tatizo linaweza kujificha: logi kubwa ikifutwa huku programu bado inaiandika, faili haionekani tena ila nafasi yake hairudi, na unaweza kushinda siku nzima ukitafuta kilichojaza diski.

Na stima usiiweke kando. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala gizani, lakini Olenguruone haihitaji msiba wa taifa. Mti mmoja ukianguka kwenye waya inatosha. Ile betri ya akiba chini ya meza ya chama ilikuwa inawaka taa tu. Nilipochomoa waya kuijaribu, kompyuta ilizimika kabla sijanyanyuka.

Tulifanya nini basi? Siku ile nilirudisha toleo zima la zamani kutoka kwenye nakala, karani na mimi tukakokotoa upya, na mzee mweka hazina akalinganisha karatasi kumi na madaftari ya wakulima waliokuwa wamejaa nje. Zikakubaliana. Karatasi za ile ruti moja zikarudishwa na kupewa nyingine, na mzee mwenyewe akasimama kueleza. Mimi nilisimama nyuma yake. Hakunitaja jina, alisema "vijana wa kompyuta wamekosea", nami nilishukuru moyoni.

Kisha nikaandika upya programu ya kusasisha, na haikuwa kazi kubwa hata kidogo. Sasa haigusi faili za toleo lililopo. Inatengeneza folda mpya yenye namba ya toleo, inanakili faili zote humo, inasoma kila moja na kuilinganisha na alama yake ya uthibitisho. Zote zikiwa sawa, na ni hapo tu, inabadilisha faili moja ndogo inayosema "tumieni folda hii". Hiyo ndogo nayo haiandikwi juu ya ya zamani. Inaandikwa pembeni kwa jina lingine, inahakikishwa imefika diskini, ndipo jina linabadilishwa kwa hatua moja. Stima ikipotea popote kabla ya hapo, asubuhi watu wanafungua toleo la jana kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyeacha programu wazi usiku anaendelea na folda ya zamani, na hapati mpya mpaka afungue upya.

Swali la msomaji makini: si tena duka litatumia la zamani na ofisi jipya? Ndiyo. Kwa hivyo kila kipande sasa kinataja toleo lake, na databesi inataja toleo inaloliruhusu. Visipolingana, programu inakataa kufanya hesabu na kusema wazi: "Funga programu hii uifungue tena." Mhudumu wa duka amenilalamikia hilo mara mbili. Nimevumilia.

Wala sikubuni chochote. Simu za Android zilianza kufanya hivi na toleo la 7 mwaka 2016: simu zilizotengenezwa kwa mpango huo zina sehemu mbili, mfumo mpya unaandikwa kwenye ile iliyolala huku unaendelea kupiga simu, na ukikataa kuwaka simu inarudi kwenye ule wa zamani. Gharama ni nafasi ya diski. Programu yetu yote haifiki megabaiti 200. Tulikuwa tunabania megabaiti 200 huku tukichezea pesa za maziwa za mwezi mzima!

Kijidirisha bado kipo, kwa sababu faili bado zinaweza kukataa. Lakini sasa kinataja jina la faili, kinataja sababu, na kama imeshikwa na kompyuta nyingine kinaitaja. Chini yake kuna kitufe kimoja tu: Sawa. Ukikibonyeza, toleo la jana linaendelea kufanya kazi, nasi tunapata ripoti Nakuru.

Karani alipokiona mara ya kwanza alinipigia kuuliza kile kingine kimeenda wapi. Nikamwambia nimekiondoa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na betri je, mtaleta lini?" Hiyo bado sijapata jibu kutoka kwa wakubwa. Wakinijibu nitawaandikia.